Nilitoa Mbuzi wa Ulee kwa Picha za Samaki Wenye Pembe

Wiki jana niliwaacha nimesimama mlangoni pa duka la Salah, mkono mmoja kamba ya mbuzi, mkono mwingine mjukuu wangu Mutindi, anayeniita Susu, yaani bibi. Kuna walioniuliza sokoni, Susu Kavata, mbona uliingia. Ningejua, ningepita kama mtu anayekimbia mvua.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifunga nyama kabla hajalisoma, nitarudia kidogo.

Binti yangu Pauline aliolewa Kathiani na Bonface, akamzaa Mutindi. Mtoto alizaliwa vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana kwa ngozi, kama vya bata. Mama ya Bonface, anaitwa Wayua, akasema kwao kitu kama hicho hakijawahi kuonekana, hiyo ni damu yetu. Alisema asubuhi, akasema jioni, mpaka Pauline akafunga nguo zake akarudi kwangu Mutituni. Sasa anashona suruali kiwandani huko Athi River, na mimi ndiye ninalea.

Huyo Wayua ni mtu wa maringo. Sisi wengine tunapalilia miguu mitupu, yeye ni raba na soksi nene hata jua likichoma mawe. Pauline alikaa kwake miaka na hajui nyayo zake zinafanana vipi.

Lakini kwetu Ukambani ndoa haiishi kwa kufunga nguo. Iliyofungwa na mbuzi hufunguliwa na mbuzi. Watu wa msichana hurudisha mbuzi mmoja, tunamwita mbuzi wa ulee, maana yake wa kukataa. Asiporudishwa, mke bado ni wa kule na mtoto ni wa kule. Na Bonface hajapata mtoto mwingine, kwa hivyo Wayua alikuwa ameanza kusema anamtaka huyo huyo wa vidole.

Shemeji yangu Nzomo, ndugu ya marehemu mzee wangu, ndiye alichagua mbuzi. Beberu mweupe, sikio moja jeusi, na kwenye hilo sikio alama ya ukoo wetu. Akatuma neno Kathiani kwamba tukishavuna tutamleta, akawaambia mpaka rangi. Mimi kazi yangu ilikuwa moja. Kumlisha.

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mjini kwa daktari wa mifugo kwa sababu ya upele. Ukirudisha ulee mwenye upele, wenyewe wanasema umewatukana.

Sasa tuingie dukani.

Salah anauza mikeka, chupa za chai, saa za ukutani na picha za fremu. Ukutani alikuwa ametundika picha ambazo sijawahi kuona mfano wake. Viumbe vya baharini, lakini bahari ya mtu aliyelala na homa. Mbuzi mwenye pembe zake zote, ukishuka kiunoni ni samaki. Ndovu mwenye mapezi mahali pa masikio. Jogoo wa mikono minane kama pweza. Punda milia wa mkia wa nyangumi. Na pembeni, msichana ambaye chini ni kaa, ameinua mkono juu kama anayeitwa jina, na vidole vyake vimeshikana kwa ngozi ya kijani.

"Susu," Mutindi akasema. "Ona mkono wake."

"Nimeuona."

"Ni kama wangu."

Huyu ni mtoto ambaye nilimshonea mfuko kwenye kila nguo ili apate pa kuficha mkono. Mwaka ule shule zilikuwa zimekuwa za bure, nikampeleka, watoto wakamwita Bata, na kesho yake akakataa kurudi. Sasa nikaona mkono unatoka mfukoni wenyewe. Akauinua, akauweka juu ya kioo, vidole juu ya vidole.

Salah alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Hawa ni wanyama gani, kijana wangu?" nikamuuliza.

"Hawako, mama. Kuna mtu alikaa chini akawafikiria. Ng'ambo huko mtu analipwa kwa kufikiria."

"Si ni majini?"

"Mama, mimi ni Muislamu, nikwambie. Jini hana haja na fremu."

"Basi niuzie huyu wa mkono."

"Hawaachani. Wamekuja pamoja, na kuna hoteli inawataka wote. Nikitoa mmoja, wengine watabaki yatima."

Kilichokuwa kwenye kitambaa changu hakingenunua hata misumari ya kuwatundikia. Nikamshika Mutindi tuondoke. Hakulia. Angelia ningeweza kuvumilia. Alirudisha tu mkono mfukoni, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Salah akatazama nje. "Huyo mbuzi ni wako?"

"Ni wangu."

"Ako na maneno?"

Wanaofanya kazi ya mifugo wanalijua hilo swali. Mbuzi mwenye maneno ni mbuzi wa kesi, au wa urithi, au wa mahari. Mwenye kununua akiwa mwaminifu huuliza kabla hajashika kamba. Salah aliuliza. Hilo nitalisema mpaka kaburini, aliuliza.

Nikaangalia ule mfuko wa nguo.

"Hana maneno," nikasema.

Kosa ni hapo. Msitafute mahali pengine.

Nilimwachia kamba, nikabeba picha zote, lakini nilikuwa na mpango, msidhani sikuwa nao. Nyumbani kulikuwa na mbuzi mwingine mweupe, mdogo wa huyo. Atanenepa, kuvuna bado, na sikio ningelipaka masizi. Nzomo macho yake si yale ya zamani.

Yule mdogo akafura tumbo akafa kabla mahindi hayajatoa ndevu.

Lakini ngoja niwaambie na mazuri, kwa sababu yalikuwako. Picha tulizipanga sebuleni, msichana-kaa juu ya kitanda cha Mutindi. Bahari mimi nimeiona kwenye kalenda tu, lakini mtoto alinieleza mambo ya huko kama mtu aliyezaliwa hapo. Kwamba ndovu ndiye chifu. Kwamba jogoo anawika maji yakipanda. Kwamba huko mwenye vidole vilivyoachana ndiye anachekwa, kwa sababu hawezi kuogelea.

Akarudi shule. Watoto wakamwita Bata, akawaambia bata ni wa bwawa, yeye ni wa bahari. Mwalimu wake akanisimamisha njiani.

"Susu, ulimfanya nini huyu? Nikiuliza swali, wa kwanza kuinua mkono ni yeye. Na anainua ule ule."

Nililia nikiwa natembea. Watu wakafikiri kuna msiba.

Halafu kikundi chetu cha akina mama kikaja kwangu. Ann, ambaye ni katibu, alikunywa chai nusu akaweka kikombe.

"Mama Pauline, huyo jogoo ananitazama."

"Ni karatasi, Ann."

"Karatasi inanitazama."

Chai ilibaki. Jumapili iliyofuata kanisani nilipata benchi zima peke yangu. Maneno yalikuwa yameshashuka kilima: Kavata amewapa majini mbuzi, na majini yamempa picha zao.

Ubaya ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli, na hiyo nusu ikamfikia Nzomo.

Alikuja na fimbo yake. Hakukaa.

"Mama Pauline, wazee wamekubaliana. Jumamosi tunaenda Kathiani. Nataka kumwona mbuzi."

"Ako malishoni."

"Na nani?"

Nzomo akaingia sebuleni. Akasimama mbele ya mbuzi mwenye mkia wa samaki, fimbo nyuma ya mgongo, akamtazama kuanzia pembe mpaka mapezi.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "niambie si huyu."

Nikamsogezea kigoda.

"Basi tumtie kwenye ndoo twende naye. Wazee wa kule wakiuliza kwato, nitawaambia alikuja akiogelea."

Hakucheka. Mimi ndiye nilicheka, kicheko cha kuomba radhi, na kikaisha vibaya.

Nikamwambia yote. Akaenda kwa Salah siku hiyo hiyo. Salah akaudhika kuliko sisi. Alimwambia, mzee, nilimuuliza mama kama mbuzi ana maneno, akakana, na sasa mbuzi ameshaenda Tala na binamu yangu. Nzomo akangoja siku ya soko, akachukua kamba mpya, akaenda Tala kumtafuta.

"Akiwa bado hai, nitamleta," aliniambia. "Wewe usifanye kitu. Umenisikia? Usifanye kitu chochote."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa subira. Nimengojea mvua, nimengojea watoto, nimengojea mzee aliyeenda kazi Mombasa na kurudi ndani ya sanduku. Kutofanya kitu ninakujua. Nilikaa kwenye kigoda nikachambua maharagwe, na sikufanya kitu.

Mchana nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema, nikainua macho. Alikuwa Wayua, kitambaa cha kanisa kichwani, raba na soksi. Nyuma yake, kamba shingoni, sikio moja jeusi.

Niliona mbuzi, sikuona aliyemshika. Beberu akanitambua, akalia ile sauti yake ya kuitisha maganda ya ndizi. Alikuwa ametembezwa kutoka Kathiani, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua karai, ukalijaza maji, ukamwekea.

Akainama akanywa. Wakati huo Mutindi akaingia kutoka shule, mkoba mgongoni, akamkumbatia shingo.

"Susu, amerudi."

"Amekunywa," Wayua akasema.

"Alikuwa na kiu."

"Nani amempa?"

"Si ni mimi. Si umeniona."

"Nimekuona." Akatabasamu, na nikakumbuka Nzomo aliniambia nini. "Sasa nisikize, mkwe. Nilikuwa Tala kununua mbuzi, nikaona sikio. Nikauliza huyu ametoka wapi, nikaambiwa kuna mama alibadilishana naye na picha. Nikamnunua. Kwa hivyo huyu si wenu, ni wangu. Nimemtoa kwangu, nimemleta kwako, na umempokea na kumpa maji. Wewe ni mtu mzima. Niambie hiyo inaitwa nini."

Nilijua inaitwa nini. Mbuzi akitoka kwa mume, akanyweshwa na mama ya msichana kwa mkono wake, hapo hakuna ulee tena. Ni ndoa imeanza upya. Mtoto ni wa kule.

Niliangalia karai. Lilikuwa limebaki nusu. Ningeweza, ningemtoa yale mengine tumboni kwa kijiko.

"Wayua," nikasema, "wewe ndiye ulisema ni damu yetu. Mbona unamtaka?"

"Nguo zake ziko wapi? Ninaenda naye leo. Na hayo majini yako ninayatoa ukutani kabla sijaondoka. Mjukuu wangu hawezi kulala na hao."

Akageuka kuelekea mlangoni, kamba bado mkononi. Lakini beberu hakuwa amemaliza kunywa. Wayua akavuta. Beberu akavuta. Wayua akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga ukingo wa karai, na maji yote yakamwingia viatuni.

"Aiya," akasema, akakaa kwenye kigoda changu.

Mwili una mazoea yake. Mtu akilowa kiatu anavua kiatu. Wayua akavua raba, akavua soksi, akaikamua, na hapo ndipo akakumbuka yuko wapi.

Nilikuwa nimeshaona.

Vidole vitatu vya katikati vya mguu wake vilikuwa vimeshikana kwa ngozi mpaka kwenye kucha. Kama vya bata.

Akaufunika mguu kwa leso. Alichelewa. Mutindi alikuwa amesimama mbele yake, mdomo wazi. Halafu akakimbia ndani.

Nikadhani ameogopa. Akatoka amebeba picha ya msichana-kaa, imemfunika kuanzia kidevu mpaka magoti, akaiegemeza kwenye kigoda. Akafunua leso kwa adabu, vile mtu hufunua sufuria ya wenyewe, akaweka mkono wake kando ya ule mguu.

"Susu wa Kathiani," akasema, "kumbe hata wewe ni wa bahari."

Nikangoja kofi. Sikuliona. Wayua alimtazama mtoto, akaitazama picha, akamtazama mtoto tena.

"Mama yangu alinivalisha soksi nikiwa kama wewe," akasema, sauti chini. "Akanikataza kuzivua. Hata Bonface hajui."

Sasa niwaambie ukweli wangu. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tayari tangu siku Pauline aliporudi na nguo zake. Kwamba ulimchoma binti yangu kwa moto wa nyumbani kwako. Kwamba ulijua. Nilifungua mdomo niyaseme.

Lakini Mutindi alikuwa anacheka. Alikuwa anapitisha kidole chake juu ya ile ngozi ya mguu na kucheka, na Wayua anamwambia anamtekenya. Miaka yote niliyomlea sijawahi kusikia kicheko hicho. Mimi nilimpa karatasi. Yule alikuwa amemletea nyama na damu.

Maneno yakarudi yalikotoka.

"Susu, leta mkono," Mutindi akaniambia.

Nikampa. Akaupanua, akapitia kidole kimoja kimoja kama mtu anayekagua mahindi ya mbegu.

"Vyako vimeachana vyote."

"Ndiyo."

"Basi wewe si wa kwetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anasema leo hakuna maziwa.

Hapo nikasikia kikohozi cha Nzomo. Alikuwa ameingia kutoka njia ya nyuma, vumbi mpaka magoti, kamba mpya mkononi bila kitu. Wayua akateremsha leso upesi, mguu ukapotea. Nzomo akatazama mbuzi, akatazama karai lililopinduka, akatazama mchanga uliolowa. Ni mzee. Hakuuliza mambo madogo.

"Wayua, nimeambiwa Tala ni wewe ulimnunua," akasema. "Sawa. Nitakulipa mbuzi wako hapa hapa, nimshike kwa kamba yangu, na Jumamosi wazee wamlete kwenu vile ilisemwa. Kama tangu umlete hajanywa maji ya boma hili, hakuna kitu kimeharibika. Lakini nataka kujua. Huyu mbuzi amepewa maji?"

Wayua akanitazama. Nimeishi na watu wa kutosha kujua macho yakisema. Yalisema nyamaza juu ya mguu wangu, nami nitanyamaza juu ya maji yako.

Nikainamisha kichwa kidogo sana.

"Karai lilipinduka," Wayua akasema polepole. "Mimi sikuona kama alikunywa."

"Mama Pauline?"

"Lilipinduka," nikasema.

Nzomo akaanza kumfunga beberu kamba yake. Nikavuta pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hodi ile. Nilishaona Jumamosi ikipita, mtoto akiwa wangu, picha zikiwa ukutani, na Wayua akirudi kwake na soksi zake.

Halafu Nzomo akasimama, kwa sababu ni mtu wa kumaliza jambo.

"Na hakuna mwingine aliyekuwa hapa akaona?"

Mutindi aliangalia mguu uliofunikwa. Akaniangalia mimi. Halafu akafanya vile mwalimu wake alimfundisha. Akasimama wima kando ya picha, akainua mkono wa kulia juu kabisa, vidole vimeshikana, akangoja aitwe jina.